Umehamia Nairobi na Wewe ni Mkatoliki: Namna ya Kuingia Parokia Hadi Ujulikane kwa Jina

Miaka miwili ya kwanza jijini nilisali kila Jumapili bila kukosa, na hakuna aliyenijua. Nilikuwa naingia Misa ya kwanza, nakaa karibu na nguzo ileile, napokea Komunyo, natoka, napanda matatu. Kisha nikajifungua. Nilipokwenda ofisini kumwandikisha mtoto ubatizo, niliulizwa swali moja: "Mama, jumuiya yako ni ipi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na fomu tupu, machozi yakinitoka ndani ya matatu.

Leo mimi ni katibu wa jumuiya, yaani kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali nyumba kwa nyumba, mwaka wa nane huu, na daftari la majina liko mikononi mwangu. Ninajua kwa nini swali lile huulizwa, ingawa lingeweza kuulizwa kwa upole zaidi. Paroko mwenye waamini maelfu hawezi kukufahamu kwa kukuona kwenye foleni ya Komunyo. Anakufahamu kupitia watu wanaoujua mlango wako. Haya ninayoyaandika ni kwa yule aliyeshuka juzi kutoka Kitui, Busia, Meru au Mombasa, na pia kwa yule aliyeishi hapa miaka kumi akisali nyuma ya nguzo kama mimi.

Kwanza, jua unalala parokia gani

Nairobi tuna mazoea ya kusali pale kwaya inapotupendeza au pale matatu inapotushusha. Kusali huko si kosa, Misa ni Misa. Lakini kwa sheria ya Kanisa parokia ina mipaka yake, na wewe huhesabiwa kwa mahali unapoishi. Hata mpangaji wa chumba kimoja akikaa miezi 3 tayari ni mkaaji anayetambulika, na paroko wa hapo ndiye paroko wake. Huhitaji shamba wala hati ya nyumba.

Jimbo Kuu la Nairobi limeenea kaunti za Nairobi na Kiambu, na parokia zake zimepita 100. Mitaa ilivyobanana, barabara moja inaweza kuwa mpaka: ploti za upande huu ni za parokia hii, za upande ule ni za nyingine. Usikisie. Nenda ofisi ya parokia iliyo karibu, taja mtaa, jina la ploti na steji unayoshukia, nao watakuambia kama uko kwao au wakuelekeze. Usiende Jumatatu, kwa sababu ofisi nyingi hupumzika siku hiyo baada ya kazi ya Jumapili. Uliza pia kama kuna kigango karibu na kwako, maana parokia nyingi zina makanisa madogo ambayo padre huenda kuadhimisha Misa. Huenda unatembea nusu saa kwenda parokiani ilhali kigango kiko nyuma ya soko.

Kama unafanya kazi katikati ya jiji, Basilika Ndogo ya Familia Takatifu ni neema kubwa. Ina Misa za mchana siku za kazi, na wafanyakazi wengi huingia hapo wakati wa chakula wakarudi ofisini. Itumie. Ila ukiugua usiku wa manane huko Kayole, watakaokuja kukubebea mtoto ni wa Kayole.

Misa ya Jumapili: chagua moja na ushikamane nayo

Parokia nyingi zina Misa tatu au zaidi Jumapili. Kwa kawaida kuna ya alfajiri, fupi, inayopendwa na wenye kazi, kuna ya Kiingereza, na kuna ya Kiswahili yenye kwaya kubwa na watoto wachezaji, ambayo ndiyo ndefu zaidi. Baadhi ya parokia zina ya lugha ya mama pia. Penye Misa ya Jumamosi jioni, hiyo nayo hutimiza wajibu wa Jumapili, jambo linalowafaa sana wauguzi, madereva na walinzi.

Ushauri wangu ni huu: miezi mitatu ya mwanzo, usirukeruke. Chagua Misa moja, na ikiwezekana kaa upande mmoja. Binadamu hutambuana kwa mazoea. Yule mzee anayekupa mkono wa amani kila Jumapili ndiye wiki ya nne atakayekuuliza unatoka ploti gani.

Fika dakika 15 kabla. Langoni mara nyingi utakaguliwa, kwa hiyo usibebe mizigo ya sokoni. Ukipata nafasi, tazama namba za nyimbo ubaoni. Ikiwa ulizoea Misa ya Kiingereza au ya lugha ya kwenu, majibu ya Kiswahili yatakukwama wiki mbili tatu, kisha yataingia yenyewe. Padre akisema "Bwana awe nanyi," kanisa hujibu "Na awe rohoni mwako." Akisema "Inueni mioyo," tunajibu "Tumeiinua kwa Bwana." Kabla ya Komunyo tunasema pamoja, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Na ukikutana na Mkatoliki mwenzako akakuambia "Tumsifu Yesu Kristu," jibu lake ni "Milele na milele, amina." Salamu hiyo pekee imenifungulia milango mingi kuliko kadi yoyote.

Wimbo wa Utukufu ukianza, kayamba zitalia, ngoma itajibu, na akina mama watapiga vigelegele. Shiriki kadiri moyo unavyokuruhusu. Wakati wa matoleo usishangae kuona unga, sukari, sabuni, hata kuku vikipelekwa altareni kwa mwendo wa kucheza. Sehemu ya vitu hivyo hutumika nyumba ya mapadre, na sehemu mara nyingi hupelekwa kwa wahitaji.

Kupokea Komunyo, uwe umefunga chakula na vinywaji saa nzima kabla ya kupokea. Maji na dawa havifungui mfungo huo. Ukipokea mkononi, weka kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, itika "Amina," ule palepale kabla ya kugeuka. Usitembee na Hostia. Asiye Mkatoliki, au aliye katika hali isiyomruhusu kupokea, hubaki kitini akisali, na hakuna anayehesabu nani kakaa.

Kisha yaja jambo ambalo wageni wengi hulikosea: hutoka kabla ya matangazo. Matangazo ndiyo gazeti la parokia. Hapo husomwa majina ya wachumba, jumuiya yenye zamu ya kusafisha kanisa Jumamosi, semina ya wazazi wa ubatizo, saa za kitubio, safari ya hija na nani amefariki. Mtangazaji akiwaomba wageni wasimame, simama hata kama unaona haya. Ni sekunde chache, na kwa kawaida baada ya Misa kuna mtu atakufuata.

Tafuta jumuiya yako

Hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye parokia yenyewe.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo si kamati za michango, ingawa nyingine zimegeuka kuwa hivyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, wakiwa katika umoja wao wa AMECEA, walizungumzia jambo hili katika mkutano wao wa hapa Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976, wakikutana Nairobi tena, wakaweka kujenga jumuiya kuwa kipaumbele cha kichungaji. Fikira yao ilikuwa kwamba Kanisa liishi mahali watu wanapoishi, watu wachache kiasi cha kujuana, wakisoma Neno na kusaidiana. Tangu hapo jumuiya ndiyo ngazi ya kwanza. Jumuiya kadhaa hufanya kigango au kanda, vigango hufanya parokia, parokia hufanya dekania, na dekania hufanya jimbo.

Kuipata ni rahisi. Baada ya Misa mwulize katekista au mtu yeyote aliyevaa sare ya chama, "Jumuiya ya ploti za karibu na mahali fulani ni ipi?" Kila jumuiya ina mtakatifu somo, kwa hiyo utaambiwa "Wewe ni wa Mtakatifu Rita" au "wa Karoli Lwanga." Omba namba ya mwenyekiti au katibu. Mpigie siku hiyohiyo, usingoje. Jumuiya nyingi hukutana mara moja kwa wiki, ama Jumapili alasiri ama jioni moja ya kazi, zikizunguka nyumba kwa nyumba. Katibu atakutumia ujumbe wa nyumba ya wiki hii, na siku hizi atakuingiza katika kundi la WhatsApp. Usidhani kundi hilo ndilo jumuiya. Mtu anaweza kukaa humo mwaka mzima akituma "Amina" na asijulikane sura.

Siku ya kwanza beba Biblia na rozari. Kama Biblia huna, nenda tu. Utaombwa ujitambulishe: jina lako, ulikotoka, parokia ya nyumbani, ploti unayoishi. Maneno matano yanatosha. Mambo ya ndoa yako, kazi yako na madeni yako si ya siku hiyo, na mtu akikudodosa una haki ya kutabasamu ukanyamaza.

Wengi wetu hufuata njia ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Injili inayosomwa ni ile ya Jumapili inayokuja, ili siku ya Misa uisikie ukiwa umekwisha kuitafuna. Mtu mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala. Injili inasomwa polepole. Kisha kila mmoja, bila kufuata zamu, anatamka neno au kifungu kifupi kilichomgusa, mara tatu kwa sauti ya sala, pasipo kukieleza. Baada ya hapo kimya. Kisha tunashirikishana: kila anayetaka anasema neno lile limemwambia nini yeye. Hatua ya sita tunaulizana tufanye nini, nani, lini. Ya saba ni sala za watu wote.

Nikuonyeshe ilivyo. Jioni moja tulikuwa kwa mama mmoja anayeishi chumba kimoja, ghorofa ya nne. Tulikuwa watu 14. Wanne walikaa kitandani, watoto sakafuni, wawili mlangoni nusu ya mwili nje kwenye ujia. Mshumaa na msalaba viliwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufunikwa leso. Redio ya jirani ilisikika ukutani wazi kabisa. Injili ilikuwa ile ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Tulipofika hatua ya kurudia maneno, kijana mmoja ambaye kwa miezi alikuwa haongei akasema, "Hakuna mtu aliyetuajiri." Akarudia. Mara ya tatu sauti ikakatika. Yeye kila alfajiri huwa anasimama kwenye mageti ya viwanda Industrial Area, saa tatu asubuhi geti linafungwa, anarudi kwa miguu. Nilikuwa nimesikia Injili ile tangu utotoni nikidhani inahusu wivu wa wale waliotangulia kazini. Kumbe kuna watu ndani yake waliosimama mchana kutwa. Tulipofika hatua ya sita hakuna aliyehitaji kutafuta la kusema. Mzee mmoja alimjua msimamizi wa ghala fulani. Kazi ilipatikana baada ya wiki mbili, ya miezi mitatu tu, ikaisha. Lakini kijana huyo sasa ndiye anayetusomea Injili.

Kwa hiyo usikimbilie kueleza Maandiko. Kosa kubwa la hatua ya tano ni kuhubiri. Sema "mimi" usiseme "sisi Wakristo tunapaswa." Na yanayosemwa kwa machozi mbele ya mshumaa hayatoki nje ya mlango. Jumuiya iliyovunja siri moja huchukua miaka kupona.

Siku ya kuwapokea kwako itafika, na najua hofu yake: viti, chai, nafasi. Katika jumuiya yetu tulikubaliana kwamba mwenyeji hatoi chochote zaidi ya maji. Tulifika hapo baada ya kugundua kwamba familia tatu zilikuwa zinakwepa zamu kwa sababu ya sukari na mandazi. Kama jumuiya yako ina desturi ya chai na huna uwezo, mwambie katibu mapema, faragha. Katibu mwenye busara atalishughulikia bila jina lako kutajwa. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani. Mjulishe msimamizi wa ploti kuwa utakuwa na wageni wa sala, na mkimaliza saa mbili na nusu usiku, watu waondoke kwa makundi, wasiachwe akina mama na wasichana kutembea peke yao gizani.

Na kama jumuiya uliyoikuta imekuwa ni mkutano wa pesa? Hilo hutokea. Hesabu zinaanza, majina ya waliochelewa kulipa yanasomwa, Injili inasomwa mbiombio mwishoni. Usihame mara moja. Omba kwa heshima kwamba Neno litangulie na fedha zipewe dakika kumi za mwisho. Sema hivyo mara tatu kwa mwezi, utaona watu wengine wakikuunga mkono, kwa kuwa nao walikuwa wanaumia kimya. Isipobadilika, mwone paroko au katekista.

Fedha, bila kuzungukazunguka

Utakutana na sadaka ya Jumapili, mara nyingi na sadaka ya pili yenye kusudi maalumu, na zaka ya mwezi inayoandikwa kwenye kadi au bahasha yenye jina lako. Kuna mchango wa Siku ya Familia wa jimbo, unaokusanywa kupitia jumuiya, na kuna ujenzi, maana parokia za Nairobi hazimalizi kujenga. Wengi hulipa kwa M-Pesa. Hakikisha namba ya Paybill umeitoa ubaoni au kwenye tangazo la parokia, usitumie namba uliyotumiwa na mtu, hata akiwa kiongozi. Mchango wowote wa jumuiya upewe risiti au uandikwe daftarini mbele yako, na mweka hazina asome hesabu kila mwezi.

Panga kiasi chako mwanzoni mwa mwaka, ukitangaze moyoni mwako na ukishike. Ukifukuzwa kazi, mwambie mwenyekiti. Sakramenti haiuzwi, na hakuna mtoto anayepaswa kunyimwa ubatizo kwa sababu mzazi hana hela.

Wanaolalamika kwamba michango ni mingi nawaelewa, nami hulalamika. Lakini mkumbuke pia Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo alipokataa fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa moja la jiji na kuagiza zirudishwe. Kanisa likisema halitaki pesa za wanasiasa madhabahuni, paa litaezekwa na wewe na mimi.

Wiki na misimu

Siku za kazi parokia nyingi zina Misa ya asubuhi na mapema, na Alhamisi au Ijumaa ya kwanza ya mwezi kuna kuabudu Ekaristi Takatifu. Kitubio huwa zaidi Jumamosi. Sheria inadai uungame dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka, ila usingoje Wiki Takatifu, foleni huzunguka kanisa.

Mei na Oktoba ni rozari kila jioni, nyumba kwa nyumba. Kwaresima huja na Njia ya Msalaba kila Ijumaa, vituo 14, na parokia nyingine huipeleka barabarani katikati ya vibanda na bodaboda. Huo ndio msimu wa Kampeni ya Kwaresima ya Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya. Jumuiya hupewa kitabu chenye mada za wiki tano, kila moja ikianza na kisa cha maisha yetu, nasi tunaona, tunaamua, tunatenda. Usikose vikao hivyo. Ni mahali pa nadra ambapo utasikia mama mboga na mwalimu wakijadili rushwa ya mtaani kwao mbele ya Injili. Novemba tunawaombea marehemu, na siku ya somo wa jumuiya tunamwomba padre aje kuadhimisha Misa uani kwa mmoja wetu. Ukisikia safari ya mafungo Bustani ya Ufufuko kule Karen, alipolazwa Kardinali Maurice Otunga, au hija ya Subukia, lipa nauli mapema. Basi hujaa.

Vyama na huduma

Hapa nitakuwa mfupi. Wanawake wana CWA, wanaume CMA, vijana wana chama chao, watoto wana Utoto Mtakatifu. Kuna kwaya, wahudumu wa altare, wasomaji, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wanaowatembelea maskini, Karismatiki, Moyo Mtakatifu. Kuna pia Legio ya Maria, ambayo ni chama cha Kanisa Katoliki. Usiichanganye na dhehebu la Legio Maria lililoanzia Nyanza miaka ya 1960, ambalo lilijitenga na lina uongozi wake. Jiunge na chama kimoja tu, baada ya miezi sita ya jumuiya. Nimewaona wengi wakiingia vitatu kwa shauku ya mwezi wa kwanza, na kufikia Krismasi hawaonekani popote.

Sakramenti na makaratasi yake

Tafuta kadi yako ya ubatizo leo. Imepotea? Rekodi iko katika parokia ulikobatizwa, katika kitabu, na hutafutwa kwa mwaka, majina ya wazazi na jina la msimamizi. Linganisha majina na kitambulisho chako mapema, maana herufi moja tofauti hukuzungusha wiki kadhaa.

Kwa ubatizo wa mtoto utahitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa, semina ya wazazi na wasimamizi, na uthibitisho wa jumuiya. Msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara, amefikisha miaka 16, na asiwe baba au mama wa mtoto. Mmoja anatosha, na wakiwa wawili wawe mwanamume na mwanamke. Rafiki yako wa dhehebu jingine anaweza kuwa shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki, kwa hiyo usimwahidi cheo kabla ya kuuliza. Mtu mzima anayetaka kuwa Mkatoliki huanza kwa kumwona katekista, na ubatizo wake huwa usiku wa mkesha wa Pasaka, baada ya mafundisho ambayo hayaharakishwi.

Ndoa: mwone paroko miezi 6 kabla, kabla hujalipia ukumbi. Utahitaji cheti cha ubatizo kipya, kilichotolewa ndani ya miezi 6, kwa sababu parokia ya ubatizo huandika pembeni ya jina lako kama uliwahi kufunga ndoa. Majina yenu yatasomwa kanisani Jumapili tatu.

Nanyi mnaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, njoo-tuishi, nawaomba msijifiche. Ni kweli Komunyo mtangoja. Lakini jumuiya ni yenu, Injili ni yenu, mtoto wenu hupokelewa. Katika daftari langu kuna wenzi waliokaa hivyo miaka 14. Tuliwafuata taratibu, hatukuwasema, na siku ya ndoa yao, iliyofungwa pamoja na ya wenzi wengine watano, binti yao mkubwa ndiye aliyesoma somo la kwanza.

Ugonjwa na msiba

Mpako wa wagonjwa si wa kufa. Ni wa mgonjwa mahututi, wa mzee aliyedhoofika, na wa anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa. Piga simu mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuungama na kujibu sala. Asiyeweza kutoka nyumbani huletewa Komunyo. Mpe katibu jina lake na ghorofa, kisha tandika kitambaa cheupe mezani, weka msalaba na mshumaa, uzime runinga.

Kukitokea kifo, mpigie mwenyekiti hata ikiwa saa nane usiku. Kesho yake jioni watu watafika kwako na viti na sufuria, nanyi mtasali rozari kila siku hadi safari ya mazishi. Jumuiya itawasiliana na paroko kuhusu Misa ya marehemu, na kama mwili unapelekwa nyumbani, omba barua inayoeleza kwamba marehemu alikuwa mshiriki hai, kwa kuwa paroko wa kijijini huenda hakumwona tangu akiwa mwanafunzi. Mimi huandika barua hizo kwa mkono. Kwa aliyekuwa anakuja jumuiya, barua hujaa ukurasa. Kwa ambaye hatukumjua, tutakuja, tutaimba, tutachanga, lakini nikishika kalamu huwa nakosa la kuandika, na hilo huniuma.

Ukihama

Nairobi watu huhama, kodi hupanda, kazi hubadilika. Usiondoke kimya. Rudisha vitu vya jumuiya vilivyo kwako. Msalaba wetu uliwahi kwenda na familia moja hadi Ruiru, tukasali mwezi mzima na wa kuazima. Malizia mchango ulioahidi au useme huwezi. Kisha omba barua ya utambulisho yenye jina lako na la watoto, jumuiya na parokia uliyotoka, miaka uliyokaa, sakramenti mlizopokea, sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa ofisi. Piga picha barua hiyo kwa simu, na yenyewe uipeleke parokia mpya Jumapili ya kwanza, hata kama masanduku bado hayajafunguliwa.